Baskerville: Herufi Iliyozaliwa Pamoja na Karatasi Yake

Mwaka 1760 Benjamin Franklin, ambaye kabla ya kuwa mwanasiasa alikuwa mchapaji huko Philadelphia, alimwandikia John Baskerville wa Birmingham, Uingereza, barua yenye kisa. Bwana mmoja alikuwa amemwambia Franklin kwamba herufi za Baskerville zitawapofusha wasomaji wa nchi nzima, maana mistari yake ni myembamba mno na inaumiza macho. Franklin aliingia chumba cha ndani, akachukua karatasi ya sampuli ya herufi za William Caslon, akachana sehemu ya juu yenye jina la mwenyewe, akamletea yule bwana na kumwambia kuwa hizo ndizo za Baskerville. Bwana akaipitia karatasi safu kwa safu, akionyesha kasoro moja baada ya nyingine. Herufi alizokuwa akizishutumu ni zile zile za Caslon alizokuwa amezisoma miaka yote bila macho kumuuma.

Wachapaji hukisimulia kisa hiki kuthibitisha kwamba Baskerville alionewa wivu. Wivu ulikuwapo. Lakini yule bwana hakuwa ameota: kurasa za Baskerville zilikuwa na kitu kilichomsumbua kweli, ila alikitafuta pasipo pake. Alikitafuta katika umbo la herufi peke yake, na kumbe kilikuwa kimeenea ukurasa mzima, katika wino, katika karatasi, katika mtambo, hata katika joto lililopitishwa juu ya karatasi baada ya kuchapwa. Nimeamua kulichambua jambo hili kwa sababu leo tunapofungua orodha ya fonti kwenye kompyuta na kuchagua Baskerville kwa jina lake tu, tunadhani tumechukua kitu kizima, kumbe tumechukua sehemu moja tu ya kazi yake.

Baskerville alizaliwa Wolverley, katika jimbo la Worcestershire, mwaka 1706. Alipohamia Birmingham alifundisha mwandiko na kuchonga maandishi ya makaburi. Kibao cha jiwe alichokichonga kuitangaza kazi hiyo kimehifadhiwa mjini humo mpaka leo. Baadaye akaingia katika biashara ya sinia na vyombo vya bati vilivyopakwa vanishi nyeusi yenye kung'aa, bidhaa iliyopendwa sana katika nyumba za Waingereza wenye nafasi, na biashara hiyo ikamtajirisha. Hivyo alipoanza kutengeneza herufi karibu na mwaka 1750, mkono wake ulikwisha kuzoea kalamu na patasi, na jicho lake lilikwisha kujua namna weusi mzito unavyolala juu ya kitu laini. Fedha pia alikuwa nazo. Ilimchukua takriban miaka saba, pamoja na fundi wake John Handy aliyechonga mihuri ya chuma, kabla ya kutoa kitabu cha kwanza, mashairi ya Virgil kwa Kilatini, mwaka 1757. Mchapaji wa kawaida aliyetegemea mauzo ya kila wiki asingeweza kusubiri muda huo.

Tuanze na umbo. Herufi za Kirumi za karne za kwanza za uchapaji zilifuata kalamu yenye ncha pana. Mwenye kujua khati ya kalamu ya mwanzi, ile waliyoandikia wanakili wa misahafu huko Siyu, anaelewa mara moja: unene wa mstari unatokana na pembe ya kalamu, mkono haukandamizi. Shika kalamu kwa mshazari, na sehemu nene za herufi ya duara kama o zitaegemea upande mmoja. Mwalimu wa mwandiko wa Uingereza katika karne ya 18 alitumia kalamu ya unyoya yenye ncha kali inayopanuka ikikandamizwa. Kwa kalamu hiyo unene hutokana na nguvu ya mkono: mstari unaoshuka huwa mnene, unaopanda huwa mwembamba kama unywele, na uzito wa o husimama karibu wima. Tofauti hiyo ya kalamu ndiyo iliyompa Baskerville herufi zake. Alichukua mifupa ya herufi za Caslon, ambaye alimsifu waziwazi katika dibaji ya toleo lake la Milton la mwaka 1758, akaisimamisha wima zaidi, akaongeza tofauti kati ya kinene na chembamba, na vile vijikia vya miishoni mwa mistari, ambavyo wanafani huviita serifu, akavinyoosha na kuvichonga vikali.

Kwa hiyo wanahistoria wa herufi humweka katikati: nyuma yake wapo watu wa mtindo wa kale kama Caslon, na mbele yake wapo Bodoni wa Italia na familia ya Didot ya Ufaransa, ambao waliichukua tofauti ya nene na nyembamba wakaipeleka hadi mwisho wake. Mimi siipendi sana tabia ya kumwona Baskerville kuwa kituo cha njiani tu. Bodoni anataka utazame ukurasa wake. Baskerville, pamoja na fahari yake yote, bado anataka usome.

Zipo herufi zinazomtambulisha. Herufi ndogo g ina kitanzi cha chini kisichofungwa. Mstari wake unaishia hewani kabla ya kurudi ulikotoka. Herufi kubwa Q ina mkia mrefu unaopeperuka. Mkono wa chini wa E umejinyoosha kuipita mikono mingine. C ina serifu juu na chini. Herufi za duara ni pana, zimejaa hewa ndani, na hapo ndipo utulivu wa Baskerville ulipo. Katika italiki zake mwalimu wa mwandiko anarudi kabisa: N, K na T kubwa zina mizunguko ya mkono unaoandika, na herufi ndogo zimebanana zikielekea mbele. Italiki hizo ni nzuri sana kwa neno moja, jina la kitabu, au mistari michache ya shairi. Ukurasa mzima wa italiki za Baskerville unachosha, kwa sababu ni nyembamba na hafifu kuliko herufi zake zilizosimama.

Sasa tufike karakanani, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipofanyika. Katika zama hizo herufi ilianza kwa kuchongwa kinyume kwenye ncha ya kijiti cha feleji. Kijiti hicho kilifanywa kigumu kwa moto, kikagongwa kwenye kipande cha shaba, na shimo lililobaki likawa kalibu. Risasi iliyoyeyushwa na kuchanganywa na madini mengine ya kuikaza ikamiminwa humo. Kila ukubwa wa herufi ulichongwa peke yake. Fundi mzuri alijua kwamba herufi ndogo ya tanbihi haiwezi kuwa herufi ya kichwa cha habari iliyopunguzwa: ilihitaji mistari minene zaidi kidogo, matumbo mapana zaidi, na nafasi kubwa zaidi kati ya herufi. Tutarudi kwenye jambo hili, kwa sababu kompyuta imelisahau.

Handy angeweza kuchonga mstari mwembamba kiasi chochote, lakini mitambo ya mbao ya wakati ule isingeuchapa vizuri. Karatasi iliwekwa juu ya herufi pamoja na kitambaa kizito cha kulainisha mgandamizo, na mgandamizo huo laini uliisukuma karatasi mpaka pembeni mwa herufi, kiasi kwamba wino ulitapakaa na kila mstari ukawa mnene kuliko ulivyochongwa. Baskerville alitengeneza mitambo yake upya. Sehemu zinazogandamiza alizifanya za madini, zikasawazishwa kwa uangalifu, na kitambaa cha katikati akakipunguza. Mgandamizo ukawa mgumu na wa juu juu. Herufi ikagusa karatasi kwa uso wake tu, na mstari mwembamba ukabaki mwembamba.

Wino nao ukawa tatizo. Wino mwepesi juu ya mtambo mgumu hutoa kijivu. Alichemsha mwenyewe mafuta ya kitani mpaka yakawa mazito, akayachanganya na masizi laini sana, akauacha wino ukae muda mrefu kabla ya kuutumia. Walioziona kurasa zake wakati ule walitaja weusi huo kabla ya kitu kingine chochote. Haishangazi: mtu huyu alikuwa amepata riziki yake kwa miaka kutokana na vanishi nyeusi.

Kisha karatasi. Karatasi ya mkono ilitengenezwa kwa kuchota rojo la nyuzi kwa fremu yenye nyaya zilizopangwa sambamba, na nyaya hizo ziliacha migongo na mabonde ambayo unaweza kuyaona ukiinua karatasi mbele ya mwanga. Juu ya uso kama huo mstari mwembamba hukatika: unagusa mgongo, unaruka bonde. Sehemu ya kitabu cha Virgil cha 1757 ilichapwa kwenye karatasi mpya ya James Whatman, iliyochotwa kwa fremu yenye wavu uliofumwa kwa waya mwembamba, kwa hiyo uso wake ulikuwa karibu hauna alama. Na karatasi ikishachapwa, Baskerville aliigandamiza kati ya sahani za shaba zilizopashwa moto, ikatoka laini na yenye kung'aa. Sehemu ya mng'ao huo ndiyo, kwa maoni yangu, iliyomkera yule bwana wa Franklin. Mwanga wa dirisha au mshumaa ukianguka kwenye karatasi inayong'aa, jicho huchoka, na msomaji hulaumu herufi.

Juu ya haya yote aliongeza jambo lisilogharimu teknolojia yoyote: nafasi. Kurasa zake hazina mapambo ya maua na vinyago vilivyojaa katika vitabu vya wakati wake. Ukurasa wa jina la kitabu una herufi kubwa zilizotengwa moja moja, mistari michache, na pambizo pana. Aliamini herufi nzuri inajitosheleza, na nadhani alikuwa sahihi kabisa.

Soko halikumlipa kwa kadiri ya kazi yake. Chuo Kikuu cha Cambridge kilimteua kuwa mchapaji wake mwaka 1758, na Biblia aliyoichapa huko mwaka 1763 inahesabiwa miongoni mwa vitabu vizuri kupita vyote vilivyochapwa Uingereza, ingawa mwenyewe hakuwa mtu wa dini na aliagiza azikwe katika kiwanja chake, si makaburini mwa kanisa. Biblia hiyo iliuzika polepole. Alipofariki mwaka 1775, mjane wake Sarah, aliyekuwa ameishi naye na kufanya kazi naye miaka mingi kabla ya ndoa yao, aliendeleza kazi kwa muda. Mwaka 1779 mihuri ikauzwa kwa Beaumarchais, mwandishi wa tamthilia wa Ufaransa, ambaye aliitumia kuchapa kazi zote za Voltaire huko Kehl, ng'ambo ya mto Rhine. Ikapita katika mikono mingi nchini Ufaransa, mpaka kiwanda cha Deberny & Peignot kilipoirudisha Cambridge kama zawadi mwaka 1953.

Wakati huo jina lilikuwa limekwisha kufufuka. Mmarekani Bruce Rogers, msanifu vitabu, alikutana na sampuli za herufi hizi Cambridge wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaanza kuzipigia debe. Kampuni ya Monotype ya Uingereza ikatoa toleo lake mwaka 1923, Linotype ikafuata, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 vitabu vingi vya Kiingereza vilivyochapwa kwa risasi vilivaa Baskerville. Ni herufi iliyofaa sana kwa riwaya na vitabu vya historia, na bado inafaa.

Tatizo lilianza tulipoacha risasi. Herufi ya risasi huukandamiza wino ndani ya karatasi, na wino hupanuka kidogo. Wachoraji walijua, kwa hiyo walichonga mstari mwembamba kuliko walivyotaka uonekane. Uchapaji wa ofseti, unaotumika karibu kila mahali sasa, huuweka wino juu ya karatasi bila kuukandamiza namna hiyo. Chukua michoro ile ile ya risasi, iingize kwenye kompyuta, ichape kwa ofseti, na mstari mwembamba utabaki ulivyochorwa: mwembamba kupita kiasi. Tena kompyuta huchukua mchoro mmoja na kuukuza au kuupunguza, ile kazi ya kuchonga kila ukubwa peke yake ikiwa imekufa. Matokeo yake ni Baskerville iliyopauka katika ukubwa wa kusomea, na watu hudhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Wabunifu wawili wamelijibu tatizo hili kwa njia tofauti, na inafaa kuwalinganisha. Zuzana Licko, mwaka 1996, alitoa fonti aliyoipa jina Mrs Eaves, kwa heshima ya Sarah aliyeitwa Eaves kabla ya kuolewa na Baskerville. Licko alipunguza ukali wa tofauti kati ya nene na nyembamba ili kurudisha joto la wino uliokandamizwa, na akazifanya herufi ndogo ziwe fupi ukilinganisha na kubwa. Inapendeza mno kwenye jalada na kichwa cha makala. Kwa maandishi marefu naiona ina nafasi zilizolegea, na inakula karatasi. Pablo Impallari wa Argentina, kwa upande wake, alitengeneza Libre Baskerville kwa ajili ya skrini: herufi ndogo zimeinuliwa, matumbo yamepanuliwa, mistari myembamba imeongezwa nyama. Hiyo hutolewa bure, na kwenye simu au tovuti ndiyo ningeichagua bila kusita.

Lipo jina moja la kuwa nalo macho. Programu za Microsoft Office huja na fonti iitwayo Baskerville Old Face. Imetokana na herufi za ukoo huo huo zilizochongwa na wengine kwa kumwiga Baskerville, na ni herufi ya maonyesho: mistari yake myembamba ni myembamba sana, na imekusudiwa ukubwa wa vichwa vya habari. Nimeona vijitabu vya kumbukumbu za misiba, vipeperushi vya mikutano, hata ripoti nzima zilizopangwa kwa fonti hiyo katika pointi 11. Zikitolewa nakala kwa mashine ya fotokopi, nusu ya kila herufi inapotea. Itumie kwa jina la kitabu, kuanzia pointi 24 kwenda juu, na itakupa heshima.

Kuna pia habari inayosambaa kwamba Baskerville humfanya mtu aamini anachosoma. Ilitokana na jaribio la Errol Morris katika gazeti la The New York Times mwaka 2012, ambapo wasomaji zaidi ya 40,000 walionyeshwa kauli moja kwa fonti sita tofauti bila kujua, na waliosoma kwa Baskerville waliikubali kwa kiwango kikubwa kidogo kuliko wengine. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo. Nisingeshauri mtu yeyote achague herufi kwa sababu hiyo. Hoja dhaifu hubaki dhaifu hata ikivaa vizuri.

Kwa upande wa Kiswahili, je, inafaa? Inafaa, kwa masharti. Lugha yetu haina kazi na Q, kwa hiyo ule mkia maarufu tutauona mara chache, labda katika jina la mtu au la nchi. Lakini g inatujia kila mara katika ng, na ile g ya kitanzi kilicho wazi hupendeza sana katika maneno kama ngoma na ng'ombe. Alama ya ritifaa katika ng' iwe iliyojikunja, inayotazama kushoto kama mkia wa koma. Ile iliyonyooka ya mashine ya taipu huonekana kama msumari katikati ya herufi zenye mizunguko. Irabu a imejaa katika kila mstari wetu, na tumbo la a ni dogo, hivyo karatasi duni ya gazeti ikinywa wino tumbo hilo huziba na mstari mzima huwa na madoa. Hilo peke yake linatosha kuiondoa Baskerville kwenye magazeti.

Jambo la pili ni urefu wa maneno. Kiswahili huunganisha viambishi, na neno moja kama hawakutupatanisha huchukua nafasi ya maneno manne ya lugha nyingine. Baskerville ni pana. Iweke kwenye safu nyembamba, ulinganishe pande zote mbili, na utapata mianya mikubwa kati ya maneno kila mstari wa pili. Dawa ni mstari mrefu wa kitabu, na kukata maneno mwisho wa mstari kwa silabi. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, hivyo kukata ni rahisi kuliko katika Kiingereza, mradi programu imewekwa katika Kiswahili. Ikiachwa katika Kiingereza itakata kwa kanuni za Kiingereza na kukuaibisha. Pale ambapo nafasi ni finyu, Times New Roman, iliyotengenezwa mwaka 1932 kwa ajili ya safu nyembamba za gazeti la The Times la London, itafanya kazi vizuri zaidi. Kosa letu ni kuiingiza Times New Roman hata kwenye diwani za mashairi na riwaya kwa kuwa vyuo vyetu vingi vimetuzoesha kuandikia tasnifu kwa herufi hiyo.

Kwa riwaya, diwani, tawasifu au kitabu cha historia cha Kiswahili, ningetumia Baskerville ya pointi 11 au 11 na nusu, nafasi ya mistari pointi 15, pambizo zisibanwe, na karatasi ya rangi ya maziwa isiyong'aa. Kwa kitabu cha shule kitakachochapwa kwenye karatasi ya bei ya chini, kwa fomu, na kwa gazeti, ningeiacha. Na mchapishaji mwenzangu, usiamue kwa kutazama skrini. Kabla hujasaini kazi, mwombe mwenye kiwanda akuchapie ukurasa mmoja wa maandishi yako halisi, kwa mashine ile ile na karatasi ile ile itakayotumika, kisha mpe msomaji mwenye umri wa miaka 60 ausome karibu na dirisha.